Nilivyompaka Mafuta Mama Radi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana ninyi wa nyuma mliokaa karibu na redieta ya kupasha joto mmeitika kama watu walioamshwa usingizini. Asifiwe!

Wengi mnanijua. Mimi ni Rehema, mke wa Déo, tunakaa Evere. Ninyi Wakongo mnaniita Maman Neema kwa jina la binti yetu, na nimeshazoea. Nimezaliwa Kigoma. Kazi yangu hapa Brussels ni kutunza wazee majumbani kwao, kuwaogesha, kuwavalisha, kuwapigisha gumzo. Leo nimesimama kumshukuru Mungu aliyenitoa kwenye wivu. Sisemi wivu mdogo wa kununa mpaka chai ikapoa. Nasema wivu uliobakiza kidogo tu univunjie ndoa, na mwanamke niliyemwonea wivu alikuwa wa karatasi! Msicheke. Ngojeni kwanza.

Mume wangu ni mtoto wa Bukavu. Alikuja Kigoma akikimbia vita, tukapendana, tukaoana, tukafika huku. Sasa, Bukavu ya utoto wake ilikuwa na mieleka, ninyi mnaita catch. Jumapili mchana wanamieleka walizungushwa mitaani juu ya pikapu, wamevaa barakoa na majoho, ngoma zinalia, watoto wanakimbia nyuma wakila vumbi. Kisha wanaingia ulingoni, wengine na hirizi mkononi, na mji mzima unapiga kelele. Déo aliyapenda hayo kuliko shule.

Yangebaki kichwani mwake ningeimba haleluya. Lakini mwaka mmoja rafiki yake alimletea picha ya zamani ya mwanamieleka fulani, imekunjika pembeni, na siku hiyo mume wangu akashikwa. Akaanza kukusanya. Kila Jumapili baada ya ibada anakwenda soko la Gare du Midi kupekua maboksi ya wauza vitu vikuukuu, kana kwamba Bukavu nzima ilimwagwa pale. Akisikia kuna mzee ameleta sanduku kutoka Kivu, anapanda basi. Wenzangu wakipata mgeni wanaletewa sambaza wakavu, wale dagaa wa Kivu, na unga wa muhogo. Mimi nilikuwa naletewa kiatu kimoja cha mwanamieleka aliyekwisha kufa! Kimoja, ndugu zangu. Na kilipewa nafasi nzuri kabatini kuliko viatu vyangu.

Ikaja barakoa ya kitambaa chekundu iliyotafunwa na nondo. Ukaja mkanda wa ubingwa, wa bati la kopo la mafuta ya kula, umegongwa kwa nyundo na kupakwa rangi ya dhahabu. Zikaja picha, kaseti, tiketi zilizofifia. Déo alinunua glavu nyeupe za pamba za kushikia hivyo vitu. Mimi mikono yangu imepasuka kwa sabuni na maji baridi, na hajawahi kunishika kwa glavu.

Halafu wageni! Wakija wanaume wa Bukavu pale nyumbani, wanakaa chini kama watoto, wanashika kile kiatu, wanakumbushana nani alimrusha nani, wanacheka mpaka wanajifuta machozi. Na mimi? Mimi naingia na sahani, natoka na sahani. Hakuna hata mmoja aliyenieleza lolote, kwa sababu mimi ni wa Kigoma, nitajua nini? Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu mwenyewe nikiona wivu juu ya vumbi la mji ambao sijawahi kuukanyaga. Hapo ndipo yule shetani alipopata mlango.

Kisha akaja Mama Radi.

Mama Radi alikuwa mwanamieleka wa kike. Bango lake lilikuja kutoka Bukavu limezungushwa ndani ya bomba la plastiki, na Déo alilifungua kama anayemfungua mtoto nepi, taratibu, pumzi ameibana. Mwanamke mrefu, mapaja kama nguzo za kanisa, nguo ya chui, mkono kiunoni, na kwenye mkono wa pili kimefungwa kifurushi cha kitambaa chekundu. Anakutazama moja kwa moja! Ukikaa kwenye kochi anakutazama, ukienda dirishani anakutazama. Na mume wangu, bila kuniuliza, akashusha picha ya arusi yetu ukutani, akaipeleka korido juu ya viatu, akamtundika Mama Radi mahali pale.

Nikamuuliza, "Déo, huyu ni nani hata mimi nikakae korido?"

Akajibu huku akinyoosha fremu, "Ah non, chérie! Huyu njo Mama Radi. Wanaume walikuwaka wanamuogopa. Wee angalia tu ile macho yake."

Niangalie macho yake! Mwanamke gani anaambiwa hivyo nyumbani kwake akabaki na akili timamu? Tangu siku hiyo nilikula nikiwa nimempa mgongo. Nilijipima naye kwenye kioo. Nilinunua kitenge cha chui, ndugu zangu, mimi, mama mzima wa kwaya, nikakivaa siku nzima, na Déo akaniuliza kama pazia jipya limebakiza kitambaa. Nilimchukia yule mwanamke kwa roho yangu yote. Nilikuwa nikipita namwonyesha ulimi.

Sasa sikilizeni ilivyozidi. Jumamosi moja Déo aliingia amejaa machozi na kicheko, akanishika mabega. "Maman Neema! Nimemupata! Mama Radi iko hapa, iko Bruxelles! Anaishi kwa binti yake kule Auderghem, karibu na ile forêt, ile pori kubwa!"

Ndugu zangu! Nikamtazama yule wa ukutani na mapaja yake, nikaona anashuka kwenye fremu, anapanda metro, anakaa karibu na mume wangu. Kuanzia hapo kila Jumamosi Déo yuko Auderghem. Anavaa shati la pasi. Anajipulizia manukato. Jumapili moja nikamfuata sokoni Midi, nikajificha nyuma ya wauza zeituni, nikamwona kwa macho yangu anachagua shali ya sufu ya zambarau, anaijaribu mabegani mwake mwenyewe, anatabasamu. Akahamia meza ya pili akachukua soksi ndefu nene, zile za kubana miguu yenye mishipa. Nilikwenda nyumbani nikakaa nasubiri. Shali haikuja kwangu. Soksi hazikuja kwangu.

Mnaanza kucheka tena. Naam, chekeni! Mimi ambaye kila asubuhi nawavalisha bibi za watu soksi hizohizo, mimi ninayezijua kwa harufu, sikujiuliza hata kidogo ni kimada gani anayenunuliwa soksi za mishipa. Déo alikuwa mtoto alipomwona yule mama ulingoni, na leo Déo ana mvi mpaka ndevuni. Sikufanya hesabu. Wivu hauna kalenda. Aliyekuwa akila nafsi yangu alikuwa yule wa ukutani, na yule hazeeki.

Nikaenda kwa Maman Béa, kiongozi wetu wa akina mama wa maombi, yuko pale mbele, nampenda sana. Sikumwambia naona wivu. Hapana! Niliubeba wivu wangu nikauvisha nguo ya kiroho. Nikamwambia nyumbani kuna vitu vya catch, kuna barakoa, na kuna mwanamke mwenye hirizi mkononi ambaye amemfunga mume wangu. Maman Béa aliruka kwenye kiti. "Bafetishi, vitu ya uganga, ndani ya nyumba? Maman, ile haiko mapambo, ile ni milango!" Akanipa chupa ya mafuta ya mzeituni yaliyoombewa, akaniambia nipake kila kitu nikikemea. Alisema kweli kwa alichoelezwa. Mwenye hila nilikuwa mimi.

Bado nilikuwa nasitasita. Lakini wiki hiyohiyo Déo akatangaza, amefurahi kama bwana arusi, kwamba Jumamosi Mama Radi anakuja kula kwetu, na tafadhali nipike sombe, yaani kisamvu. Nimpikie! Nikaonyesha ukutani, nikamwambia, "Déo, chagua. Mimi au huyo mwanamke." Akadhani natania. "Rehema, ile ni affiche, karatasi tu." Akachukua funguo zake akaenda kazini. Nikachukua chupa.

Nililitoa bango kwenye fremu nikalilaza juu ya meza ya chakula. Nikamimina mafuta kiganjani. Nikaanza na ile hirizi, "Toka!" Nikapanda mkono, "Toka!" Nikafika usoni, na hapo, Mungu anisamehe, sikupaka, nilisugua. Nilisugua yale macho. Mafuta yakaenea kwenye karatasi, rangi ikawa nyeusi, uso wa Mama Radi ukazama kama umeingia majini. Nikapiga vigelegele! Nikasema moto umeshuka, nira imevunjika. Nikapaka picha zote. Nikapaka barakoa, nikapaka mkanda wa bati, nikapaka mpaka kile kiatu ndani na nje. Nyumba nzima ikanukia kachumbari.

Déo alirudi mchana, akasimama mlangoni na koti lake. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno nilikuwa nayo tayari. Hakugomba. Alikwenda jikoni akaleta karatasi za kufutia, akapiga magoti sakafuni, akaanza kuzikausha zile picha moja baada ya nyingine, akibonyeza polepole, kama mtu anayemfunga mgonjwa kidonda. Alipofika kwenye bango aliacha.

Akasema bila kunitazama, "Picha yake ilibakiaka hii moja tu. Zake zote ziliungua na nyumba, wakati ya vita. Bajukuu yake habaamini kama alikuwaka catcheuse. Nilitaka kumupa samedi, akikuja kula."

Mnadhani hapo nilivunjika? Sikuvunjika! Nawaambia kweli mbele za Mungu, nilizidi kuona wivu. Nikamwambia, "Tazama unavyolia kwa ajili yake. Kwa ajili yangu hujawahi kulia." Naye akanijibu, taratibu sana, "Sina tena maneno, Rehema. Kweli sina." Akahamia kulala chumba cha Neema, binti yetu aliyekwenda kusoma Liège. Siku zilizofuata tulipishana korido kama wapangaji. Nikashusha sanduku nikaanza kupanga nguo za kurudi Kigoma. Nilimwona Déo amesimama akiliangalia lile sanduku, na hakusema nisiende. Hapo ndipo nilipoogopa. Niliogopa, lakini bado nilipanga.

Jumamosi ikafika. Déo hakuwa na ujasiri wa kumwambia yule mama asije. Nilipika sombe, maana chakula sikukosana nacho. Nikavaa kitenge changu kizuri, nikapaka wanja, nikasema leo tutaonana uso kwa uso, nimwambie yangu, nibebe sanduku langu. Kengele ikalia. Nikafungua mlango kwa nguvu.

Mbele yangu alisimama bibi kizee ameegemea kitembezi cha magurudumu. Amejifunga shali ya zambarau. Miguuni ana zile soksi, tena hazikuvalishwa vizuri, zimejikunja kifundoni, mkono wangu ukataka kuziweka sawa. Nikachungulia nyuma yake kwenye ngazi. Nikamuuliza, "Shikamoo bibi. Mama Radi yuko wapi?"

Akahema kwanza, maana lifti ilikuwa mbovu na binti yake alimpandisha kwa ngazi, akashuka tena. Akasema, "Njo miye Mama Radi, mutoto wangu. Leta kiti."

Ndugu zangu! Nilimwingiza, nikamkalisha kwenye kochi, nikamletea maji. Naye akainua macho akaona ukuta. Déo alikuwa amelirudisha bango kwenye fremu, kwa sababu hakujua la kufanya nalo. Yule mama akalitazama muda mrefu. Déo akaanza kujikanyaga, "Maman, bon, kulikuwa accident kidogo, mafuta ilimwangika..." Alikuwa ananifunika. Baada ya yote niliyomfanyia, mume wangu alikuwa anadanganya ili mimi nisiaibike mbele ya mgeni. Kile kitu kilinichoma kuliko matusi yote ambayo angeweza kunitukana.

Nikasema, "Sio ajali, bibi. Ni mimi. Nimekusugua uso kwa mkono wangu. Nilikuonea wivu."

Akanigeukia. "Wivu? Juu ya miye?"

"Juu yako."

Akajitazama miguu, akatazama kitembezi, akanitazama mimi na wanja wangu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka shali ikamwanguka, akapiga mapaja yake membamba, akasema "Oh, Yesu wangu, oh!" Halafu kile kicheko kikageuka. Akalia. Akanishika mkono akaniambia, "Aksanti, maman. Tangu bwana yangu alikufaka, hakuna mwanamuke mwenye aliniona sawa muntu ya kuogopa. Wananiona sawa kiti tu. Weye umenirudishia miaka."

Mimi niliharibu picha yake, naye ananiambia aksanti! Nikaanza kulia na mimi, lakini kwa ndani kitu bado kilikuwa kimekaza. Nadhani alikihisi kwenye mkono wangu, maana alikuwa hajauachia. Akasema, "Njoo nikuonyeshe kidogo." Sijui alifanya nini, ndugu zangu. Alizungusha kiganja changu, akakunja kiwiko, na mimi mwenye kilo zangu hizi mnazoziona nikajikuta niko magotini kwenye zulia, kichwa karibu na sakafu, na bibi kizee amekaa palepale kwenye kochi hata hajanyanyuka! Déo akashika kichwa kwa mikono miwili kama yuko Bukavu.

Yule mama akasema kwa sauti ya chini, "Kwetu, muntu akishindwa anapiga chini. Piga, nikuachilie."

Nikakaza. Mnajua ninavyokaza. Nilivuta, nikasukuma, mkono ukauma zaidi. Na pale magotini nikaona ni muda mrefu sana nimekuwa nikivuta na kusukuma hivihivi. Nilishindana na karatasi, na kiatu, na mji, na kicheko cha watu sebuleni. Nilikuwa nimechoka. Nikapiga zulia kwa kiganja. Akaachilia papo hapo. Ule mkono ulionikunja akauweka juu ya kichwa changu, akaomba maneno machache tu: "Bwana, huyu mwanamuke amechoka kupigana na muntu mwenye haiko. Mupumzishe." Na kitu kikatoka kifuani kwangu, nakiri mbele yenu, nilikisikia kikitoka. Nilipumua kama mtu aliyevuliwa nguo ya kubana. Haleluya!

Tulikula. Alikula sombe sahani mbili. Nikapata ujasiri wa kumuuliza kuhusu ile hirizi mkononi. Akasema, "Ile? Ilikuwa karanga! Nilikuwaka na njaa mbele ya kupigana. Watu banaona dawa, miye nakula." Maman Béa, umesikia mwenyewe, karanga. Nikamwomba msamaha kwa bango. Akaomba alishike, akalipeleka dirishani, akasema siku ile alipigwa picha amejipaka mafuta mwili mzima, ndivyo walivyofanya ili mtu asikushike vizuri, na sasa ndiyo amefanana. Akaondoka nalo. Wajukuu wake waliuliza kwa nini linanuka mzeituni.

Baada ya kumsindikiza, Déo aliniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia, ninyi mnacheka sebuleni, mimi nabeba sahani. Akasema, "Sikujua ulikuwa inje." Akalisukuma lile sanduku chini ya kitanda, akavaa glavu zake, akaleta vile vitu nilivyoviharibu, akaketi karibu nami, akaanza kunieleza kuanzia kile kiatu, kilikuwa cha nani, alimrusha nani, na watu walipiga kelele gani. Picha nyingi hazikupona. Aliumia, na bado anaumia akiziona, lakini hajawahi kunirushia usoni. Namshukuru Mungu kwa mume huyu. Déo, simama wakuone.

Ndugu zangu, sitawadanganya kwamba wivu haupiti tena mlangoni kwangu. Juzi tu Déo amesema Mama Radi anamkumbusha upishi wa mama yake, nikasikia moto umepanda mpaka masikioni. Nikapiga meza kwa kiganja. Déo akaruka, akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, endelea kula, nimeshindwa na nimeachiliwa.

Namshukuru Yesu. Nawashukuru ninyi mlioniombea bila kujua mnaniombea nini. Na wewe uliyekaa hapo umejipamba, unaimba, huku ndani unashindana na mke wa jirani, na dada wa kwaya, na mtu ambaye hata hajui kama upo: nakusihi, mtegemee Bwana leo. Usingoje mpaka bibi wa watu akukunje mkono mbele ya mumeo. Bwana hakushiki ili akuvunje. Piga chini tu, anaachilia.